Mildred Burke: Alinyimwa mkanda wake Marekani, Japani ikautukuza

Novemba 1954, kundi la wanawake wa Kimarekani lilipanda ulingoni katika ukumbi wa Kuramae Kokugikan jijini Tokyo. Ukumbi huo ulikuwa nyumba ya sumo, mchezo ambao hadi leo hauruhusu mwanamke kukanyaga uwanja wake mtakatifu wa udongo. Aliyeongoza kundi hilo alikuwa mama wa miaka 39, mwenye kimo cha sentimita 157 tu na misuli iliyojengeka kuliko ya vijana wengi wa kiume. Jina lake lilikuwa Mildred Burke.

Burke alishuka Japani akiwa na mkanda wa bingwa wa dunia. Lakini nyumbani kwao, mapromota wengi walikuwa wameshamhesabu kuwa mtu aliyeshindwa. Miezi mitatu tu kabla ya safari hiyo alikuwa amepigana pambano gumu kuliko yote ya maisha yake. Aliposhuka ulingoni, kazi aliyoijenga kwa karibu miaka 20 ilikuwa mikononi mwa wengine.

Leo wapenzi wa mieleka wanaotafuta mapambano ya zamani ya wanawake wa Kijapani wanawafahamu Chigusa Nagayo, Dump Matsumoto, Aja Kong na Manami Toyota. Wachache wanajua kwamba mkanda mkubwa waliougombea mabingwa hao ulianzia kwa mwanamke huyu wa Kansas, aliyeanza maisha akibeba sahani za chakula.

Mhudumu wa mgahawa

Alizaliwa Agosti 5, 1915, katika mji wa Coffeyville, jimbo la Kansas, akiitwa Mildred Bliss. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto sita. Shule hakwenda nayo mbali. Akiwa na miaka 15 alikuwa tayari anahudumia wateja mgahawani, huko Gallup, New Mexico.

Aliolewa akiwa bado msichana, na mume wake wa kwanza akampeleka Kansas City. Huko ndiko alikotazama mieleka kwa mara ya kwanza, na tangu siku hiyo hakutaka kazi nyingine. Ndoa ilivunjika, akabaki na mtoto wa kiume wa kumlea katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, wakati mamilioni ya Wamarekani hawakuwa na ajira. Alirudi kufanya kazi katika mgahawa wa mama yake.

Mgahawa huo ulikuwa na mteja aliyeitwa Billy Wolfe. Wolfe alikuwa mwanamieleka na mkufunzi, na Mildred alimwomba amfundishe. Wolfe alikataa, lakini msichana hakuacha kuomba. Mwishoni Wolfe aliamua kummaliza hamu: alimwita kijana mmoja mwanamieleka ambwage vibaya ili asirudi tena. Mambo yalikwenda kinyume. Mildred alimwinua kijana yule na kumtupa chini. Wolfe alikubali kumfundisha.

Dola 25 kwa atakayemshinda

Wakati ule mieleka ya wanawake ilikuwa kichekesho kwa watazamaji wengi wa Marekani, na baadhi ya majimbo yaliipiga marufuku kabisa. New York, kwa mfano, haikuiruhusu hadi mwaka 1972. Wanawake wa kupambana nao walikuwa wachache, kwa hiyo Wolfe alimpeleka mwanafunzi wake kwenye maonyesho ya burudani yaliyozunguka mji hadi mji.

Utaratibu ulikuwa rahisi. Mwanamume yeyote ambaye uzito wake haukumzidi Mildred kwa zaidi ya kilo 9 hivi angepanda jukwaani. Kama angeweza kumbana mabega chini ndani ya dakika 10, angeondoka na dola 25, fedha nyingi kwa mkulima au kibarua wa wakati ule. Vijana walijitokeza wakicheka. Kwa hesabu ya Mildred mwenyewe, alipambana na wanaume zaidi ya 200 na kushindwa na mmoja tu.

Miaka hiyo ndiyo iliyomfundisha kazi. Katika mieleka ya kulipwa, ile ambayo Lubumbashi na Kinshasa tunaiita catch, mshindi kwa kawaida hupangwa kabla ya pambano. Ufundi ni wa kweli, maumivu ni ya kweli, lakini matokeo ni makubaliano. Jukwaani kwenye maonyesho yale hakukuwa na makubaliano. Kijana wa shamba aliyetaka dola 25 hakuwa na sababu ya kujilaza mwenyewe. Mildred alijifunza kupinda kiungo, kunyima pumzi, na kusubiri mpinzani achoke.

Mwaka 1936 aliolewa na Wolfe. Jina la Burke lilichaguliwa kwa ajili ya ulingo, na ndilo lililobaki.

Malkia wa almasi

Januari 1937, huko Chattanooga, Tennessee, Burke alimshinda Clara Mortensen aliyekuwa akitambulika kama bingwa wa dunia wa wanawake. Tangu hapo jina la bingwa lilibaki naye kwa karibu miongo miwili.

Burke alielewa mapema kwamba watazamaji hununua tiketi kwa macho kabla ya kununua kwa akili. Aliingia ulingoni amevaa joho jeupe lililometameta kwa vito, nywele zimetengenezwa, almasi zikiwa masikioni na vidoleni. Kisha alivua joho, na watu wakaona mikono na mapaja ya mtu aliyefanya mazoezi kila siku. Hapo awali walikuwa wameambiwa kwamba urembo na nguvu havikai katika mwili mmoja. Burke alivionyesha vyote viwili kwa wakati mmoja. Katika miaka ya 1940 alikuwa miongoni mwa wanawake wanamichezo waliolipwa vizuri zaidi Marekani.

Ufanisi wake uliwafungulia mlango wengine. Wolfe alikusanya wasichana wengi kutoka miji midogo, akawafundisha na kuwakodisha kwa mapromota nchi nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwemo pia wanawake weusi, kama Babs Wingo na Ethel Johnson, katika nchi ambayo bado ilikuwa ikiwatenga weusi na weupe kwa sheria katika majimbo ya kusini.

Mume, mkufunzi na mshika fedha

Lakini tazama jinsi biashara ilivyopangwa. Wolfe alikuwa mume wa Burke, mkufunzi wake, meneja wake na mshika fedha wake. Wasichana walisaini mikataba naye, si na bingwa. Mapromota walimpigia simu yeye. Sehemu nene ya mapato ya kila msichana iliingia mfukoni mwake. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Burke alichumia juani, na kivulini alikuwa amekaa mwingine.

Ndani ya nyumba hali haikuwa nzuri zaidi. Wolfe alikuwa na uhusiano na wanamieleka wengine wa kundi lake bila kuficha, na Burke alieleza baadaye kwamba alipigwa na mumewe. Mwanamke aliyewatupa wanaume mbele ya umati hakuwa na pa kwenda kushtaki, kwa sababu kuondoka kwenye ndoa kulikuwa na maana ya kuondoka kwenye kazi.

Mwaka 1952 waliachana. Burke alijaribu kuendesha biashara yake mwenyewe kupitia kampuni mpya, lakini kampuni hiyo ilianguka haraka. Mapromota wakubwa walikuwa wameungana tangu 1948 katika umoja wa National Wrestling Alliance, na umoja huo ulikuwa wa wanaume watupu. Wengi wao walimfahamu Wolfe kwa miaka mingi na walibaki upande wake. Burke alikuwa na mkanda, lakini milango ya kumbi ilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa kwa Wolfe.

Usiku wa Atlanta

Agosti 20, 1954, Burke alikutana na June Byers jijini Atlanta. Byers alikuwa na miaka 32, mrefu na mzito kuliko yeye, na alikuwa ameolewa na mtoto wa Wolfe. Lilikuwa pambano la kuangushana mara mbili kati ya tatu, na safari hii hakuna aliyekubali kupangiwa matokeo. Pambano la kweli la ubingwa kati ya wanamieleka wa kulipwa lilikuwa jambo adimu sana.

Wapenzi wa mieleka waliozoea kurukaruka na kutupana wangeliona pambano hilo kuwa la kuchosha. Wanawake wawili walishikana, wakavutana, wakalaliana chini kwa muda mrefu bila yeyote kupata nafasi. Goti la Burke lilikuwa na tatizo la zamani, na katika mvutano lilihama mahali pake. Alikubali kuangushwa mara ya kwanza ili apate mapumziko ya kulirudisha goti. Kisha akarudi, akapambana kwa mguu mmoja mzima, na Byers hakuweza kumwangusha mara ya pili.

Baada ya takriban saa moja, wasimamizi walilisimamisha pambano. Kwa kanuni waliyokubaliana, hakuna aliyekuwa ameshinda mara mbili. Burke aliondoka akiamini bado ni bingwa. Lakini habari zilizosambazwa zilimtaja Byers kuwa mshindi, na mapromota wengi wakamtambua hivyo. Siku moja na mwangusho mmoja vilifuta miaka 17.

Hapa ndipo wanaotathmini historia ya mchezo huu wanapogawanyika. Wapo wanaosema Burke alikuwa amezeeka na alipaswa kumwachia kijana njia. Hoja hiyo ina uzito: bingwa yeyote hufika siku yake. Lakini Burke hakukataa kushindwa. Alikataa kuhesabiwa ameshindwa kabla ya pambano kwisha, na hilo ni jambo tofauti.

Kutoka Shinkolobwe hadi Tokyo

Japani aliyoikuta Burke mwezi Novemba ilikuwa bado inauguza majeraha ya vita. Miaka tisa kabla, Agosti 6, 1945, mji wa Hiroshima uliteketezwa kwa bomu ambalo sehemu kubwa ya urani yake ilichimbwa Shinkolobwe, hapa kwetu Haut-Katanga. Japani ilisalimu amri, na majeshi ya Marekani yakaitawala hadi 1952. Wanajeshi hao walitaka burudani.

Mieleka ya wanawake wa Kijapani ilizaliwa katika mazingira hayo. Kuanzia 1948, ndugu wa familia ya Igari, akiwemo dada yao aliyejulikana ulingoni kama Lily Igari, waliwaonyesha wanajeshi na watazamaji wengine mieleka iliyochanganywa na vichekesho. Watu walicheka, lakini si wengi waliouona kuwa mchezo wa heshima.

Kisha ulifika mwaka 1954. Februari mwaka huo, Rikidozan na Masahiko Kimura walipigana na ndugu wawili wa Sharpe kutoka ng'ambo katika ukumbi huohuo wa Kuramae. Televisheni zilikuwa chache na ghali, kwa hiyo watu walikusanyika barabarani mbele ya televisheni zilizowekwa hadharani. Mieleka ikawa homa ya taifa. Ndipo Burke alipoingia na wenzake, akiwemo Mae Young, na Lily Igari naye akapata nafasi katika ziara hiyo.

Wajapani waliona kitu ambacho hawakuwa wamekiona: wanawake waliopambana bila kuchekesha. Mwaka uliofuata vikundi vya wanawake vilianzishwa na mashindano yakafanyika. Moto huo wa kwanza haukudumu. Vikundi viligombana, na kumbi kubwa zikawafungia milango. Lakini mbegu ilikuwa imeshaingia ardhini.

Mkanda mwekundu

Mwaka 1968, ndugu wa familia ya Matsunaga walianzisha kampuni ya Zen Nihon Joshi Puroresu, yaani mieleka ya wanawake ya Japani yote. Walihitaji mkanda wenye historia. Burke, aliyekuwa sasa anaendesha shule ya mieleka California, alikuwa na shirika lake lililojulikana kwa herufi WWWA, na mkanda wa shirika hilo ulirithi madai yake ya ubingwa wa dunia. Mwaka 1970 mkanda huo ulishindaniwa Japani, na Aiko Kyo akautwaa.

Tangu hapo mkanda wa WWWA, ambao mashabiki waliuita mkanda mwekundu, ukawa kilele cha mieleka ya wanawake nchini humo. Miaka hiyo ya 1970, wakati Wajapani wakichimba shaba Musoshi karibu na mpaka wetu na Zambia, kwao nyumbani televisheni zilikuwa zikiwaonyesha wasichana waliopigana na kuimba ulingoni. Mach Fumiake alikuwa bingwa mwaka 1975 akiwa na miaka 16. Jackie Sato na Maki Ueda, waliojulikana pamoja kama Beauty Pair, waliwafanya wasichana wa shule kuwa mashabiki wakubwa kuliko wanaume. Februari 1979 marafiki hao wawili walipambana kwa sharti kwamba atakayeshindwa astaafu. Ueda alishindwa na kuondoka.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya Chigusa Nagayo na Lioness Asuka. Agosti 28, 1985, huko Osaka, Nagayo alipambana na Dump Matsumoto kwa sharti la kunyolewa nywele. Matsumoto, mbaya wa hadithi, alishinda, na Nagayo akanyolewa mbele ya maelfu ya wasichana waliokuwa wakilia. Ukilitazama pambano hilo leo, ufundi wa kushikana si mwingi. Kinacholishika pambano ni imani ya umati kwamba kilichokuwa kikipotea pale ni cha kwao.

Miaka ya 1990 ilileta ufundi wenyewe. Novemba 26, 1992, Aja Kong, binti wa mama wa Kijapani na mwanajeshi mweusi wa Kimarekani, alimshinda Bull Nakano na kuutwaa mkanda mwekundu baada ya Nakano kuushikilia kwa karibu miaka mitatu. Kwa mtoto aliyekua akitazamwa kama mgeni katika nchi aliyozaliwa, ulikuwa ushindi uliozidi mchezo. Mei 1995, Manami Toyota na Kyoko Inoue waliugombea mkanda huo kwa dakika 60 bila mshindi kupatikana. Wapenzi wengi wanalihesabu pambano hilo kati ya bora kabisa.

Umri wa kustaafu, miaka 26

Isidhaniwe kwamba Japani iliwapa wanawake hao kila walichonyimwa Marekani. Kampuni ya Matsunaga ilikuwa na desturi kwamba mwanamieleka astaafu akifika miaka 26. Wasichana walikatazwa pombe, sigara na wapenzi. Walijengwa wakiwa watoto, wakavuma, na kabla hawajawa watu wazima wenye sauti ya kudai haki zao, wakaagwa kwa maua.

Nagayo aliagwa kwa mara ya kwanza Mei 1989 akiwa na miaka 24. Burke alikuwa bado bingwa alipokuwa na miaka 39. Kama angezaliwa chini ya desturi hiyo, historia yake ingekatika kabla ya sehemu kubwa ya ubingwa wake. Desturi hiyo ililegezwa baadaye, Nagayo akarudi ulingoni na kuanzisha kampuni yake mwenyewe. Kampuni ya Matsunaga ilifilisika mwaka 1997 na kufungwa kabisa mwaka 2005.

Burke hakuishi kuyaona hayo. Wolfe alikuwa amekufa tangu 1963. Yeye aliendelea kuwafundisha wasichana California na akaandika kumbukumbu za maisha yake, ambazo hazikuchapishwa akiwa hai. Alifariki dunia kwa kiharusi Februari 18, 1989, akiwa na miaka 73.

Heshima zilikuja baadaye. Mwaka 2002 aliingizwa katika jumba la heshima la wanamieleka wa kulipwa, na mwaka 2016 kampuni ya WWE ikamtambua pia. Mwaka 2025 filamu juu ya maisha yake ilionyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani.

Nchini Kongo nako wanawake hupanda ulingoni. Kinshasa wanajulikana, hupaka rangi nyuso zao, huandamana mitaani kwa muziki kabla ya pambano, na hupigana mbele ya umati unaowashangilia kama unavyowashangilia wanaume. Yeyote anayewatazama anaweza kujiuliza maswali ambayo maisha ya Burke yaliacha: mkataba una jina la nani, fedha za mlangoni zinahesabiwa na nani, na siku msichana huyu atakapogombana na meneja wake, nani atabaki na mkanda. Burke alijibiwa maswali hayo akiwa amechelewa, usiku mmoja huko Atlanta, goti likiwa limehama.